Acheni kudanganya watu kwamba kupiga Linux ni kazi ya dakika kumi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Mtu akija humu jukwaani kulalamika kwamba kompyuta yake ya nyumbani imechoka, jibu lenu ni lile lile: "Mkuu piga Linux, dakika kumi umemaliza." Yaani sakinisha Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows. Tangu Windows 10 iachwe bila huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kuzigomea mashine zisizo na TPM 2.0 (chipu ya usalama), ndiyo kabisa mmegeuka wahubiri. Haya, nikawasikiliza, nikapiga. Sasa na nyie tulieni mnisikilize.

Kusakinisha kwenyewe, sibishi, ni kwepesi. Unachagua lugha, unaweka jina na paswedi, unabonyeza endelea. Hapo ndipo video zenu zote zinapoishia, na muziki juu. Balaa liko kabla ya hapo na baada ya hapo, na huko kila mtu anajifia kivyake.

Nimeandaa flashi vizuri, nimewasha mashine, naambiwa hakuna diski. Hakuna diski vipi? SSD ile ile yenye Windows na faili zangu zote! Nauliza, mtaalamu mmoja ananijibu eti SSD imekufa, nikanunue nyingine. Imekufa huku Windows inawaka juu yake? Kumbe ilifichwa nyuma ya modi ya RST (namna ya Intel ya kusimamia diski) kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, na Linux haiioni mpaka uiweke AHCI, modi ya kawaida ya diski. Ukibadilisha kienyeji, Windows nayo inagoma kuwaka, mpaka uwe umeiandaa kuingia kwa Safe Mode (Windows ya dharura, yenye vitu vya lazima tu) kwanza. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, ukichezea mipangilio ya BIOS unaweza kuletewa skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Arobaini na nane, wakuu! Nionyesheni mwongozo wenu hata mmoja unaoanza kwa kusema: ndugu, nakili kwanza ufunguo wa BitLocker, ukauweke nje ya mashine hii.

Tukaja kwenye Wi-Fi. Haipo. Kadi haina draiva, ile programu ya kuiendesha, na draiva iko intaneti. Nauliza tena, naletewa amri ya "sudo apt install" na jina la kifurushi. Mnanipa amri ya kupakua kitu wakati nimewaambia sina mtandao! Jibu lenyewe lilikuwa dogo tu: chomeka simu kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti kwa waya huo, Linux itaiona kama kadi ya mtandao. Sentensi moja. Hakuna aliyeisema, wote mlikuwa bize kubishana distro (aina ya Linux) ipi ni ya wanaume.

Draiva ikaingia, na bado haikufanya kazi. Hapa ndipo niliponyong'onyea. Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokagua sahihi za programu wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa, draiva ya nje haipakiwi mpaka ufunguo wake uidhinishwe. Unaambiwa utunge paswedi (siyo ile ya kuingilia, hii ni nyingine kabisa), halafu ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu ya MOK (ya kuidhinisha ufunguo huo), inahesabu sekunde kumi kurudi nyuma. Ukichelewa kugusa kitufe, inajiondokea kimya, mfumo unawaka kama kawaida, draiva imekataliwa na hakuna anayekwambia lolote. Unatakiwa uwahi, uchague Enroll MOK, uweke ile paswedi. Ushauri wa humu? "Zima Secure Boot." Yaani kitasa kikigoma tung'oe mlango. Na ukiizima, karibu tena kwenye zile tarakimu 48.

Saa kupishana kati ya Windows na Linux sitaki hata kuiongelea, amri ya "timedatectl set-local-rtc 1" ndani ya Linux inamaliza.

Halafu kuna nyie wa "badilisha distro". Draiva nyingi zinakaa ndani ya kernel, kiini cha Linux. Nikihamia distro nyingine yenye kernel ya toleo lile lile, mara nyingi nitakachopata kipya ni picha ya ukutani.

Linux yenyewe sina ugomvi nayo, inawaka haraka na mashine imekuwa nyepesi. Torvalds alipoianzisha mwaka 1991 hakuniahidi dakika kumi. Mlioniahidi ni nyie.

Kwa hiyo ule mwongozo uliobandikwa juu urekebishwe. BitLocker, modi ya diski, intaneti ya simu kwa waya na skrini ya MOK viwekwe mwanzoni kabisa, kabla mtu hajagusa flashi. Na atakayekuja kuandika "mbona kwangu ilikubali mara ya kwanza", ataje kadi yake ya Wi-Fi ni ipi na Secure Boot ilikuwa imewashwa au imezimwa. Asipotaja, apite tu.