Simu isiyopata masasisho: ifungiwe huduma za benki, au mnunuzi aambiwe mapema?

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi: mwenye simu ambayo mtengenezaji ameacha kuiletea masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya programu yanayoziba matundu wanayopitia wadukuzi, afungiwe programu za benki na za pesa za simu, na akiibiwa asimlilie mtu. Mimi ni fundi simu hapa Kariakoo, Dar es Salaam, nazifungua simu hizo kila siku, na hoja hiyo naipinga.

Hatari ipo, tena kubwa. Juzi mama mmoja muuza dagaa aliniletea simu yake, anadai betri imekufa. Android 9. Nikaingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, nikatafuta ule mstari wa sasisho la mwisho la usalama: Mei 2020. Betri haikuwa na kosa. Alitumiwa faili WhatsApp, limeandikwa kadi ya harusi, akaligusa, kumbe ni programu. Ikamwomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia wasioona vizuri, akakubali. Toka hapo ikawa inasoma kila kinachopita kwenye kioo, hadi meseji za benki zenye namba za uthibitisho. Kwenye Android 13, iliyotoka 2022, programu iliyoingia kwa faili la namna hiyo hunyimwa ruhusa hiyo mpaka mwenye simu aende mwenyewe ndani kabisa ya mipangilio kuifungulia. Kwa mama huyu ilitosha kugusa mara mbili.

Wanaosema masasisho ni mbinu tu ya makampuni kutuuzia simu mpya, wakumbuke Stagefright, tundu la usalama lililogunduliwa kwenye Android 2015. Ujumbe mmoja wa MMS, ule wa kutumiana picha na video, ulitosha kumfungulia mdukuzi mlango, mwenye simu hajabonyeza kitu. Mwaka huo ndipo Google ilipoanza kutoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi. Sasa fikirini: tundu likizibwa kwenye simu mpya, habari zake hutangazwa hadharani. Mwizi naye anasoma. Anajua simu zipi hazitazibwa kamwe.

Lakini mama yule amekosa nini? Simu ni ya mtumba kutoka Dubai, kailipia 120,000. Muuzaji alimtajia GB, akamtajia kamera, akamwonyesha kioo hakina mkwaruzo. Kwamba masasisho yalikwisha kitambo, hakuambiwa. Unga wa dukani una tarehe, dawa ya kichwa ina tarehe, simu inayobeba akiba yake yote haina.

Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji kutaja masasisho ya usalama yatatolewa kwa muda gani. Umoja wa Ulaya, kuanzia 20 Juni 2025, umeweka kipimo cha masasisho kwa angalau miaka 5 tangu modeli iache kuingizwa sokoni. Wala si kwamba haiwezekani: Januari 2023 Apple ilitoa iOS 12.5.7 kuziba tundu kwenye iPhone 5s, simu ya 2013. Samsung na Google sasa wanaahidi miaka 7 kwa simu zao za bei ya juu. Kwenye maboksi ya simu za laki na nusu ninayofungua mimi, ahadi ya namna hiyo sijaiona hata moja.

Hapa kwetu njia ipo tayari. Tumezoea kubonyeza *#06# na kutuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 kujua kama simu ni halisi. Jibu lile lile litaje na mwezi ambao masasisho yanakoma. Hilo litamfaa hata mnunuzi wa mtumba, ambaye boksi halioni.

Kufunga tumeshakujaribu. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu feki, na aliyebaki na simu isiyoshika mtandao ni yule aliyeinunua.

Ile programu niliifuta, nikairiseti simu yote, mama akabadilisha PIN, laini ya pesa tukaihamishia kwenye kitochi chake cha zamani. Simu kubwa imebaki ya WhatsApp na picha za wajukuu. Mnaotaka afungiwe, nijibuni: kwa 120,000 aliyokuwa nayo, mngemwelekeza anunue simu ipi, na angejuaje dukani kwamba ndiyo hiyo?