Wanafunzi wa Malindi kwenda kuishi kijiji cha milimani Taita: maandalizi, na namna ya kuwafanya waandike cha maana

MwalimuWaShela
Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Likizo ya Agosti tunapeleka wanafunzi 30 wa kidato cha tatu, na walimu wanne, kutoka hapa Malindi hadi kijiji kilicho juu ya Wundanyi, karibu na msitu wa Ngangao. Siku nne, usiku tatu, na watalala kwa wenyeji. Wengi wao ni watoto wa pwani hasa, wawili watatu wa Lamu, na mlima wanaujua kwa ramani tu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. La kwanza ni safari yenyewe: njia, mavazi, afya. La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Baada ya ziara wanafunzi hutakiwa waandike tafakuri, na kinachopatikana ni insha thelathini zinazofanana, "tulijifunza mengi na tulifurahi sana". Wenye uzoefu, mnafanyaje?

DerevaKakuyuni
Mwalimu, waaleikum salaam. Mimi nitajibu ya barabara.

Usipitie Mombasa mjini. Ukifika Kilifi, chukua njia ya Mavueni kwenda Kaloleni, utatokea barabara kuu ya Nairobi pale Mazeras. Umeepuka daraja la Nyali na foleni ya Changamwe. Kutoka hapo ni Mariakani, Maungu, Voi. Voi kata kushoto kama unakwenda Taveta, na Mwatate kata kulia upande Wundanyi. Ondokeni alfajiri mara tu baada ya swala, ili kona za mlimani mzikute kungali mchana hata kama malori yamewachelewesha. Iko pia njia ya lango la Sala kupitia Tsavo Mashariki, lakini ni ya vumbi na ndani ya mbuga mtalipia kila kichwa. Kwa basi la shule haifai.

Mwatate hadi Wundanyi ni lami, ila ni kona juu ya kona. Muulize dereva wako kama amewahi kuendesha mlimani. Aliyezoea barabara yetu tambarare hushuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote, breki zinapata moto, zinapungua nguvu, na mwisho hazishiki kabisa. Ateremke kwa gia ileile ambayo angepandia, breki aiguse kwa vipindi. Juu ya Wundanyi njia za vijijini ni nyembamba na udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya. Basi refu halina hata pa kugeuzia. Liacheni mjini, mkodi matatu za watu 14 za wenyeji.

Kichefuchefu: wanaojulikana kutapika wakae mbele, wasiangalie simu, na chakula cha mwisho Voi kiwe chepesi. Chapati za mafuta na chai ya maziwa zitarudi zote kabla ya Wundanyi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo bebeni ndoo ndogo zenye vifuniko, tatu au nne.

NesiSalma
Mwalimu, nianze na lililo zito. Pwani yetu ina watoto wengi wenye selimundu (sickle cell), na baridi, uchovu na upungufu wa maji vyote huweza kuwaletea maumivu makali. Fomu ya ruhusa ya mzazi iwe na swali hilo wazi, pamoja na pumu, kifafa na kisukari, na mzazi ajibu kwa siri. Mtoto mwenye selimundu aonwe na kliniki yake kabla ya kuamuliwa kama anakwenda. Akienda, asibebe mizigo mlimani, anywe maji hata kama hana kiu, na nguo zikilowa abadilishe papo hapo.

La pili ni homa. Mtoto anaweza kutoka Malindi akiwa tayari ana vimelea vya malaria, homa ikampanda siku ya pili huko juu, na kila mtu akasema ni baridi tu. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo. Mjue kabla ya kuondoka kituo cha afya kilicho karibu na gari lipi litawapeleka usiku.

La tatu, jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kama watoto wanatetemeka. Moshi mnaouona ndio nafuu. Hewa ya sumu ya makaa haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu baridi: halijoto hushuka kwa wastani wa digrii 6 kila mnapopanda mita 1,000. Mtakuwa kwenye mita 1,700 hivi, basi hesabu digrii kumi chini ya Malindi, na usiku ni zaidi. Kila mmoja awe na sweta mbili (mitumba yetu imejaa, bei si kitu), soksi nzito jozi tatu, suruali ya kuvaa chini ya dera au buibui, koti la mvua, na blanketi lake. Nguo ya pamba ikilowa kwenye ukungu haikauki kutwa nzima, kwa hiyo jozi moja ya kulalia ihifadhiwe kavu na isivaliwe mchana. Ndara ni za ndani tu. Nje ni gambuti, au viatu vyenye meno, na visiwe vipya.

Mdawida_wa_Werugha
Karibuni sana Taita. Mwalimu, fika mwenyewe wiki kadhaa kabla, uonane na naibu wa chifu na wazee wa mtaa. Wanafunzi wawili kwa kila nyumba, jinsia moja, wala asikae mmoja peke yake. Orodha ya nyumba na namba za simu iwe kwa kila mwalimu, na kila jioni mwalimu apite nyumba zote kwa miguu. Nyumba zenu 15 zisiwe zimetawanyika, kwa sababu nyumba mnayoiona ng'ambo ya bonde huenda ni mwendo wa saa nzima, kushuka na kupanda.

Malipo yawe sawa kwa kila nyumba, yatangazwe mbele ya wote. Kinachoharibu ziara hizi ni mwalimu kumpa mmoja zaidi kisirisiri, maana siku ya pili kijiji kizima kinajua. Juu ya malipo, wageni wawili wa usiku tatu waende na mchele kilo 3, sukari kilo 2, majani ya chai na lita moja ya mafuta. Mkiongeza nazi na tende mtapendwa.

Semeni mapema kuhusu nguruwe na pombe. Mbangara, pombe yetu ya miwa, mgeni mzima anaweza kukaribishwa kwa heshima kabisa, na mwenyeji akijua kabla hatakwazika. Kwa nyama, apatikane Muislamu wa kuchinja, au mle maharagwe, mboga na kimanga (chakula chetu cha kupondwa). Muelewe pia kwamba huku maji huchemka kabla ya kufika digrii 95, hivyo maharagwe huchukua muda mrefu kuiva kuliko Malindi. Yalowekwe usiku. Kibla ni kaskazini karibu kabisa kama kwenu, lakini ukungu huficha jua, basi dira na saa ni lazima.

Ngangao ni msitu wa serikali. Ombeni ruhusa idara ya misitu na mpate mwenyeji wa kuwaongoza. Kuna ndege wa misitu ya Taita wasiopatikana penginepo duniani, wakiwemo kurumbiza wa Taita na apalisi wa Taita, tena wamebaki wachache. Makelele yatawanyima kuwaona. Na mkionyeshwa mapango yenye mafuvu ya wazee wetu wa zamani, msiguse, msipige picha mpaka mzee aliyewapeleka aseme ndiyo. Wale ni mababu wa watu mnaolala kwao.

BiMwanaesha_Lamu
Mwanangu mwalimu, insha hufanana kwa sababu swali ni pana na huulizwa wakati watu wamesharudi na kusahau. Tafakuri huanza Malindi.

Wiki moja kabla, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: anadhani mtu wa kijiji kile anaamka saa ngapi, anakula nini, maji anayapata wapi, anakosa nini. Ukusanye, ufunge kwenye bahasha. Usisahihishe.

Halafu mpe kila wawili swali moja la kupima, lenye upande wa mlimani na upande wa nyumbani. Mfano: nyumba hii hutumia madumu mangapi ya lita 20 kwa siku, na nani huyabeba? Kwetu je? Kabeji huuzwa shilingi ngapi shambani, na sokoni Malindi ni ngapi, na nani amekula tofauti? Mboga nyingi za Taita huteremshwa Mombasa, kwa hiyo swali hilo lina jibu la kweli.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la upepo. Agosti ni kusi. Mtoto wa Lamu au Malindi anaijua kusi kwa bahari kuchafuka na mashua kutotoka. Upepo huohuo wa kusini mashariki unabeba unyevu wa bahari, unavuka nyika kavu ya Tsavo, unagonga milima ya Taita, unalazimika kupanda, unapoa, na unyevu unakuwa ukungu. Miti huunasa ukungu huo kwenye majani na kuudondosha chini. Wawekeeni beseni mbili sawa usiku wenye ukungu usio na mvua, moja chini ya mti mkubwa, moja uwanjani. Asubuhi wapime kwa kikombe. Ya chini ya mti itakuwa na maji, ya uwanjani kidogo sana au hakuna. Hapo mtoto ataelewa mwenyewe msitu ukikatwa chemchemi inapoteza nini, na bahari yake imo ndani ya jibu.

Daftari liwe la kurasa mbili mbili. Kushoto: nilichoona, nilichosikia, nilichopima, pamoja na saa na mahali. Kulia: ninavyofikiri. Kila jioni dakika 20 kimya, kabla ya chakula, maana baada ya chakula watasinzia. Wasisomeane kabla wote hawajaandika. Wa kwanza akisema "tumejifunza umoja", mmekwisha, wote watasema umoja.

Jihadhari na sentensi ya "sisi tuna bahati". Mtoto akiiandika, usimkemee, muulize: bahati ya nini hasa? Mwenye nyumba naye angesemaje akija kuishi kwako siku nne? Wengi hapo ndipo wanapoanza kufikiri, kwa sababu yule mama ana ng'ombe, ana maji ya chemchemi, ana shamba la matuta lililotunzwa na vizazi, na huenda akaona chumba cha kupanga Malindi ni dhiki.

Mkirudi, siku ya tatu wafungue bahasha na waandike kilichokosewa na kwa nini walikidhani. Insha kamili iandikwe baada ya wiki tatu, daftari likiwa mezani.

MwalimuWaShela
Bi Mwanaesha, Mungu akuzidishie. Na wengine wote, nashukuru mno. Swali dogo: simu za picha, tuzuie au turuhusu?

BiMwanaesha_Lamu
Simu mbili tu za walimu kwa kundi zima. Anayetaka picha ya kitu akichore kwanza kwenye ukurasa wa kushoto, kisha apigiwe. Kwa kuchora jembe lazima aangalie mpini umeingiaje. Picha za watu ziombewe ruhusa, na orodha ya majina na nyumba iandikwe siku ileile, ili nakala za karatasi zitumwe Taita kwa matatu na kila mtu apate yake.

Mdawida_wa_Werugha
Hizo nakala msiache. Na nakala moja ya insha zilizo bora ipelekwe shule ya kijiji, watoto wetu wazisome na wajibu. Yako mambo watayapinga.