Ushauri: Roboti ndogo ya magurudumu, nitangulize mota nzuri au kompyuta yenye nguvu?

Mjenzi Mpya aliandika:

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, na kazi yangu ya kila siku ni hifadhidata na tovuti. Mambo ya umeme na mitambo nayajua juu juu tu. Ninataka kuunda roboti ndogo yenye magurudumu mawili yanayoendeshwa na mota na gurudumu la tatu la kuegemea, nayo hatimaye izunguke yenyewe ndani ya nyumba, ichore ramani ya vyumba na irudi ilipoanzia bila kuongozwa. Fedha niliyotenga inatosha ama kompyuta ndogo yenye nguvu pamoja na mota za bei ya chini, ama mota nzuri pamoja na bodi ya kawaida. Vyote kwa pamoja haitawezekana kwa sasa.

Naomba kushauriwa nitangulize upande upi. Vilevile, karibu kila maelezo ninayosoma yanaitaja ROS 2, mkusanyo wa programu za kuendeshea roboti, kana kwamba roboti haiwezi kutembea bila hiyo. Je, ni lazima nianze nayo, au naweza kuandika programu yangu mwenyewe kisha nikahamia huko baadaye? Na kwa kuwa nimezoea kujaribu programu kabla ya kuwafikia watumiaji, ningependa kujua iwapo kuiga roboti ndani ya kompyuta kwanza kutaniokolea muda au kutanichelewesha.

Ramani Hai alijibu:

Ndugu mleta uzi, mimi ningetanguliza kompyuta. Chukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5, weka Ubuntu 24.04 na ROS 2 toleo la Jazzy, kisha ujifunze Gazebo, programu ya kuiga roboti ndani ya kompyuta, wakati ukikusanya fedha ya mota. Jazzy ilitolewa Mei 2024 na imepangiwa kutunzwa hadi Mei 2029, kwa hiyo utakachojifunza hakitapitwa na wakati upesi. Programu za kuchora ramani na kutafuta njia zimekwisha kuandikwa na watu waliobobea; slam_toolbox na Nav2 zinapatikana bure, na sioni sababu ya mtu mmoja kuzianza upya kwa mikono yake. Jihadhari tu na masomo ya zamani yaliyoandikwa kwa ajili ya ROS ya kwanza, ambayo toleo lake la mwisho, Noetic, lilifikia kikomo cha matunzo Mei 2025. Amri zake zinafanana na za sasa kwa sura, lakini ukizinakili zilivyo hazitafanya kazi.

Mhandisi Mwendo alijibu:

Uhandisi wa roboti ndiyo kazi yangu, na swali hili la fedha huulizwa na karibu kila anayeanza. Kuhusu matoleo, Ramani Hai yuko sahihi kabisa. Kuhusu fedha nina msimamo tofauti: nunua mota zenye enkoda, yaani kihisi kinachohesabu mzunguko wa mota, kabla ya kitu kingine chochote.

Programu ya kuchora ramani hutegemea makadirio ya roboti yenyewe kuhusu umbali iliotembea na pembe iliyogeuka tangu kipimo kilichotangulia. Lida, kihisi kinachopima umbali kwa mwanga wa leza, huyasahihisha makadirio hayo, lakini katika ushoroba mrefu wenye kuta laini pande zote mbili, lida huona umbo lilelile kila mara na haiwezi kutambua kama roboti imesonga mbele au imesimama. Hapo kinachobaki kutegemewa ni hesabu ya magurudumu. Chukua mfano wa enkoda ya sumaku inayotoa mapigo 11 kwa kila mzunguko wa mota. Ukihesabu kingo zote nne za mawimbi yake mawili, na gia ikiwa ya 34 kwa 1, unapata hesabu 1,496 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 65 husafiri takriban milimita 204 kwa mzunguko mmoja, hivyo kila hesabu ni kama milimita 0.14 sakafuni. Kwa usahihi huo unaweza kudhibiti kasi ya kila gurudumu kwa PID ya kawaida, yaani kanuni inayorekebisha amri kwa kulinganisha kasi iliyotakiwa na iliyopimwa, na roboti ikaenda mstari ulionyooka kwa sababu inapima, si kwa bahati. Zile mota za manjano za plastiki zinazouzwa pamoja na fremu za wanaoanza kwa kawaida hazina enkoda, gia zake zina ulegevu mkubwa, na mota mbili za namna hiyo zikipewa volteji ileile huzunguka kwa kasi mbili tofauti.

Kompyuta yenye nguvu unayo tayari, nayo ni hiyo unayofanyia kazi zako. Iache mezani, iendeshe ROS 2 au Python, na roboti ibebe bodi ya ESP32, yaani mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), inayotuma hesabu za enkoda na kupokea amri za kasi kwa WiFi. ESP32 ina viini viwili vinavyofikia megahezi 240 na saketi maalumu ya kuhesabu mapigo bila kuisumbua programu. Raspberry Pi Pico pia ni chaguo zuri, ingawa ile ya kwanza ya mwaka 2021 haikuwa na WiFi hadi ilipotoka aina ya Pico W. Arduino Uno ya kawaida, yenye megahezi 16 na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, inaweza kuendesha magurudumu mawili vizuri. Naipenda kwa kufundishia, lakini kwa lengo lako utaibana mapema mno.

Hata utakapoweka Raspberry Pi juu ya roboti, usiiachie kazi ya kudhibiti mota moja kwa moja. Linux ya kawaida haikuhakikishii kwamba programu yako itapewa zamu yake kila baada ya milisekunde 10, na programu ya kasi ya magurudumu ikichelewa bila mpangilio, roboti hutetemeka na wewe utahangaika kubadili namba za PID ambazo hazina kosa. Mikrokontrola ishike kasi ya magurudumu. Kompyuta iamue roboti iende wapi. Na mikrokontrola isimamishe mota yenyewe isipopokea amri mpya kwa nusu sekunde, kwa sababu WiFi itakatika siku roboti ikielekea ukutani.

Sasa ROS 2. Naithamini sana na ninaitumia, lakini thamani yake inaonekana roboti inapokuwa na vihisi zaidi ya kimoja vinavyopaswa kukubaliana kuhusu wakati na mahali. Kwa magurudumu peke yake, kabla ya lida, utakuwa unajifunza mfumo wa kujenga vifurushi na mipangilio ya mtandao huku hujui bado kama enkoda yako inahesabu sawasawa. Anza na programu ndogo ya C++ kwenye bodi na ya Python kwenye kompyuta, zikizungumza kwa mistari ya maandishi ambayo unaweza kuisoma kwa macho. MicroPython, yaani Python ya mikrokontrola, nayo inafaa kwa majaribio ya haraka, ila husimama kidogo inaposafisha kumbukumbu, kwa hiyo nisingeiweka kwenye udhibiti wa kasi. Badala ya Arduino IDE, mtu aliyezoea kazi ya programu kama wewe atajisikia nyumbani zaidi na PlatformIO, kwa kuwa matoleo ya maktaba huandikwa ndani ya mradi wenyewe na unaweza kuyatunza kwa Git pamoja na msimbo.

Jambo moja nalisisitiza kuliko majina yote hayo: rekodi kila kitu tangu siku ya kwanza. Kasi iliyoagizwa, kasi iliyopimwa, volteji ya betri, na muda wa kila kipimo, vyote viingie kwenye faili, kisha uvichore. PlotJuggler inafungua faili za kawaida za CSV na pia rekodi za ROS 2, na ni mojawapo ya programu ninazofungua kila siku ya kazi. Mchoro wa kasi iliyoagizwa na iliyopimwa katika mhimili mmoja hukueleza ndani ya dakika moja mambo ambayo kubahatisha namba hakutakueleza jioni nzima.

Ramani Hai alijibu:

Nakubali hoja ya enkoda, Mhandisi. Kuhusu kuiga roboti bado ninashikilia kwamba Gazebo inafaa mapema, hasa kwa mtu anayetoka kwenye programu, kwa sababu anaweza kuijaribu Nav2 pasipo kuvunja kitu.

Mhandisi Mwendo alijibu:

Hapo hatupingani sana. Gazebo ni nzuri kwa kukagua mantiki: je, roboti inaomba njia mpya ikikuta kizuizi, je, fremu za kuratibu (mifumo ya kupimia mahali pa roboti na sehemu zake) zimepangwa vizuri? Ninachokataa ni kuiamini kuhusu mambo ya sakafuni. Gurudumu linaloteleza kwenye zulia, betri inayolegea na gia yenye ulegevu vitakuwepo katika uigaji ikiwa tu umeviweka mwenyewe, na namba za kuviwekea hupatikana kwa kuipima roboti halisi. Kwa hiyo pima kwanza, kisha iga.

Mjenzi Mpya aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeazima fremu ya wanaoanza ili nipate mazoezi kabla ya kununua mota, na kuna tatizo moja ambalo sijalielewa. Nikiiamuru roboti ibadili mwelekeo ghafla kutoka mbele kwenda nyuma, bodi ya mikrokontrola hujiwasha upya. Betri ni seli mbili za 18650 zilizounganishwa mfululizo, na multimita inaonyesha volti 8.2. Bodi ya kuendeshea mota ni ya L298N, na umeme wa mikrokontrola unatoka kwenye pini ya volti 5 ya bodi hiyohiyo. Je, tatizo linaweza kuwa kwenye programu?

Mhandisi Mwendo alijibu:

Ninaamini ni umeme. Mota iliyosimama haina volteji ya kupingana na betri, hivyo mkondo wake wa kuanzia ni volteji ikigawanywa kwa ukinzani wa koili tu. Mota inayozunguka mbele ikiamriwa ghafla irudi nyuma, volteji inayozalishwa na mzunguko wake hujumlishwa na ya betri, na mkondo unaweza kukaribia maradufu ya ule wa kuanzia. Volteji ya betri huporomoka kwa milisekunde chache, muda ambao multimita ya kawaida haiwezi kuuonyesha. Kidhibiti cha volti 5 kilicho kwenye bodi nyingi za L298N kinahitaji takriban volti 7 kuingia ili kitoe 5 kamili. Betri ikishuka chini ya hapo, mikrokontrola nayo inazimika.

Tenganisha njia za umeme. Chukua kibadilishaji cha kushusha volteji, kiunganishe moja kwa moja na betri, nacho kiwe cha mikrokontrola na vihisi peke yake. Waya hasi za pande zote ziungane mahali pamoja karibu na betri. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 au zaidi karibu na bodi ya mota, ukizingatia upande chanya na hasi. Katika programu, weka kikomo cha mabadiliko ya kasi ili roboti ipunguze mwendo hadi sifuri kabla ya kurudi nyuma. Hilo litaziokoa gia pia.

L298N yenyewe ni ya teknolojia ya zamani. Kwa mkondo wa ampea 1 inaweza kupoteza kati ya volti 1.8 na 3.2 ndani yake, na upotevu huo wote hugeuka kuwa joto. Ukinunua mota mpya, tafuta bodi inayotumia transista za MOSFET, zinazopoteza volteji kidogo. TB6612FNG inafaa kwa mota ndogo, kwani inahimili ampea 1.2 mfululizo na 3.2 kwa muda mfupi sana kwa kila mota, lakini usiichague kabla ya kusoma mkondo wa mota yako inapozuiwa isizunguke. Namba hiyo ndiyo inayoamua.

Waya Mbili alijibu:

Naongeza mawili. Kihisi cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti, hurudisha ishara ya volti 5, na pini za ESP32 ni za volti 3.3. Pitisha ishara hiyo kwenye kigawanyo cha rezista mbili: kiloomu 1 itoke kwenye kihisi, kiloomu 2 iende kwenye waya hasi, na pini iunganishwe katikati yake. La pili ni seli za 18650. Kila moja isizidi volti 4.2 wakati wa kuchaji wala isishuke chini ya volti 3.0 wakati wa kutumika, na fyuzi iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu waya uliochubuka baada ya fyuzi utaikata, lakini uliochubuka kabla yake utawaka moto.

Mjenzi Mpya aliandika:

Nimetenganisha umeme kama nilivyoelekezwa na bodi haijiwashi upya tena. Nimeamua kununua mota zenye enkoda na ESP32, na lida itafuata. Swali langu la mwisho: mota zikifika, nitajuaje kwamba hesabu ya magurudumu ni nzuri kiasi cha kuanza na ramani?

Mhandisi Mwendo alijibu:

Iendeshe roboti katika mraba wa mita 4 kwa 4, uipime ilipoishia na ulinganishe na mahali inapodhani ipo. Fanya hivyo kwa kuzunguka kulia, kisha kushoto, mara kadhaa kila upande. Njia hii ilielezwa na Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan katika miaka ya 1990, na sababu ya pande mbili ni ya msingi: kipenyo cha magurudumu kisicholingana na umbali wa kati ya magurudumu uliokosewa ni makosa mawili tofauti, na katika upande mmoja yanaweza kufutana yakakupa matokeo mazuri ya uongo. Ukigeuza upande, yanajumlishana na kuonekana.

Makosa yanayojirudia vilevile kila mara yanaondolewa kwa kusahihisha kipenyo na umbali huo ndani ya programu. Yale yanayotawanyika ovyo kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine yanatokana na kuteleza, hivyo angalia matairi na mgawanyo wa uzito, hasa betri iliko. Iweke karibu na ekseli ya magurudumu yanayoendeshwa. Ukishafika hapo, tuletee michoro yako hapa kabla hujanunua lida.