Walimu wawili wa kuzamia wananichanganya, nimfuate yupi?

Kijana wa Tegeta:
Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sipati. Nasoma kuzamia na mtungi, bwawani tumemaliza, Jumamosi tunaingia baharini kisiwani Mbudya. Mwalimu kanivalisha jaketi la kawaida la kujaza hewa, mpira mfupi wa hewa wa akiba na risasi nyingi za kuongeza uzito kiunoni. Msaidizi wake anasema huo ni ushamba: nichukue bamba la mgongoni badala ya jaketi, mpira wa hewa wa mita 2, nipige miguu kama chura, risasi nipunguze. Bamba nimeshaanza kulilipia. Nani yuko sahihi?

Mama Kunduchi:
Sie Mbudya tunakwenda kula samaki wa kukaanga, wewe unamfuata huko huko chini! Marehemu mjomba alipiga mbizi ya pweza uhai wake wote kwa miwani na pumzi yake tu.

Fundi Mitungi:
Mpira mrefu ulivuma kwa wazamiaji wa mapangoni Florida, ili wawili wagawane hewa huku wakipita mmoja nyuma ya mwenzake. Kwenye matumbawe yetu mfupi unatosha, mrefu nao haudhuru ukiuzoea. Risasi mpime upya: maji ya chumvi yanaelesha kuliko ya bwawani. Ila usibadili vifaa wiki hii. Na jaketi halimnyimi mtu usingizi. Fomu ya afya uliijazaje?

Kijana wa Tegeta:
Kawaida tu mkuu.

Fundi Mitungi:
Kawaida vipi?

Kijana wa Tegeta:
Nina pumu tangu utotoni, nikajaza "hapana". Lakini yangu ni ya vumbi, baharini kuna vumbi gani? Hela ya kozi hairudishwi. Na wenye pumu wanaozamia wapo, msaidizi kaniambia.

Mlokole wa Sinza:
Umesaini uongo kwa mkono wako. Huyo mtakayeshuka naye ana watoto nyumbani.

Mzee wa Data:
Hii chai. Kusi yote hii, boti inatoka wapi? Na msaidizi gani anampinga bosi wake mbele ya mwanafunzi? Mods, futeni.

Kijana wa Tegeta:
Tunatoka saa moja asubuhi, upepo haujachanganya. Nikuwekee risiti?

Mzee wa Data:
Weka.

Fundi Mitungi:
Iwe chai isiwe chai, kuna mwenye pumu anausoma uzi huu. Mita 10 chini presha ni mara mbili ya huku juu. Hewa uliyovuta kule, ukipanda inatanuka maradufu, lazima itoke. Pumu ikibana inanasa, pafu linachanika, mapovu yanaweza kufika kwenye ubongo. Jaketi tutabishana mpaka kesho, hili hakuna mwalimu anayelibishia. Wenye pumu wanaozamia salama wamepimwa mapafu na daktari akasaini. Nenda hata Muhimbili, useme wazi unataka kuzamia.

Kijana wa Tegeta:
Kabla ya Jumamosi sitawahi. Nikiishia mita 5 tu?

Fundi Mitungi:
Karibu na juu ndipo hewa inapotanuka kwa kasi zaidi. Mita 5 hazikuokoi. Inhela umeitumia lini mara ya mwisho?

Kijana wa Tegeta:
Juzi usiku.

Mama Kunduchi:
Mwanangu, njoo inbox unipe namba ya huyo mwalimu. Kama wewe unaogopa kumwambia, nitampigia mimi.