Mnaofundisha strpos ya PHP bila kuitaja sifuri, mnatuumiza

Wakuu, nimetoka stendi ya Kange sasa hivi na hasira zangu, nivumilieni.

Nimewatengenezea programu watu wa vifurushi vya mabasi hapa Tanga, kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Leo kaja mama mmoja na risiti mkononi: viroba viwili vya dagaa, vya Lushoto, kalipia kila kitu. Karani kaandika "Dagaa" kwenye sehemu ya kutafuta, mashine ikajibu hakuna. Akarudia, hakuna. Mama wa watu kasimama pale tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, anaulizwa risiti kaitoa wapi. Mtu mzima, mbele za watu! "Mwanangu, mimi wa kusema uongo kwa ajili ya dagaa?" Nilikosa pa kuuweka uso.

Na mzigo ulikuwemo humo humo! Uliandikwa "Dagaa viroba 2". Wa mtu mwingine, "Viroba 2 vya Dagaa", unaonekana bila shida.

Kisa ni strpos, amri ya PHP ya kutafuta neno ndani ya maandishi. Yenyewe haisemi neno lipo au halipo, inasema limeanzia nafasi ya ngapi, na kuhesabu inaanza na sifuri. Kwa huyo mwingine ilirudisha 13, if (sharti la kuamua ndiyo au hapana) ikapita. Kwa mama ilirudisha 0, na ndani ya if 0 ni sawa na hapana. Yaani neno likikaa mbele kabisa ndipo linapotea! Inatakiwa uandike !== false, yaani jibu si "hapana" (false) yenyewe hasa. Ukiweka != ya kawaida hujaokoka, kwa sababu hapo PHP inaona 0 na false ni kitu kimoja.

Mimi mstari ule nilifundishwa kwenye video ya Kiswahili, if (strpos(...)) basi, tukaendelea mbele. Onyo lipo kwenye mwongozo wa PHP, ukurasa wa strpos wenyewe, kwa Kiingereza. Sisi tunaowategemea mtufasirie, mnaturukishia onyo! Kwa nini?

PHP imetoka 1995, str_contains ya kujibu ndiyo au hapana imekuja na toleo la 8.0, Novemba 2020. Miaka 25 watu wanaumia. Kwenye Python, lugha nyingine ya programu, unaandika in, yamekwisha. Halafu waliotukodisha seva bado wametuweka kwenye 7.4, toleo lililoachwa kutunzwa tangu Novemba 2022, na kila mwezi pesa yao wanaitaka kamili. Nimewaandikia mara tatu.

Tena hata hiyo str_contains haijui neno linaishia wapi. Tafuta "tanga" uone: inakuletea tangawizi, matangazo, hadi vyombo vya matanga. Kwa mji wenye jina hili ni balaa. Nimehamia preg_match, amri ya kutafuta kwa muundo wa maandishi, yenye \b (mpaka wa neno) pande zote mbili na i mwishoni, ili Tanga na TANGA zisomeke sawa.

Viroba vimeondoka na basi la saa nane. Mwenye video ile, kama unapita humu, irekebishe leo. Ni alama tatu na neno moja tu.