Ovaroli ya mvua imechanika gotini na msambani: gundi gani inashika?

Kreti_Tupu:
Wakuu, salaam. Nina ovaroli za mvua, zile nzito za kijani zenye mikanda ya mabegani, za kazi ya samaki. Moja imechanwa gotini na msumari wa kreti, mpasuko wa umbo la L, kama sentimita 6 kwa 4. Nyingine imeachia mshono wa msambani, sentimita 10 hivi. Nje ni plastiki inayong'aa, ndani kitambaa cheupe. Kiraka cha tyubu na solusheni ya baiskeli kilibanduka siku ya pili. Supagluu ilikauka ikavunjika kama ganda la yai. Nakosea wapi?

Fundi_Turubai:
Mkuu, gundi zote mbili hazikuwa za kitambaa hicho. Maelezo yako yanaelekea PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Inalainishwa kwa mafuta maalumu yanayochanganywa kiwandani, na mafuta hayo hutoka polepole miaka yote. Yakifika kwenye solusheni au gundi ya viatu, yanailainisha mpaka inakuwa kama ute. Ndiyo maana kiraka kilishika siku ya kwanza kisha kikateleza. Gundi ya mabomba nayo usiiguse: ni ya PVC kweli, lakini ikikauka ni ngumu, na goti likikunjwa inapasuka pembeni mwa kiraka.

Hakikisha kwanza. Pasha waya mtupu wa shaba mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye pindo la ndani uchukue plastiki kidogo, urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, ni PVC. Fanya nje, na moshi wake usiuvute. Ikinuka tairi linaloungua na kutoa masizi meusi, ni mpira. Hapo solusheni yako ingefaa, baada ya kupiga msasa.

Mshono_Maji:
Ikiwa PVC, tafuta gundi ya kubandikia boti za kujaza upepo za PVC, ile ya makopo mawili, gundi na hadina (dawa ya kuigandisha). Kiraka usinunue: mafundi wa maturubai ya malori wana vipande vya PVC. Omba chembamba kabisa walichonacho, maana turubai zito kwenye goti litakuwa kama kibao.

Kiraka kinakaa NJE. Wengi wanabandika ndani ili kisionekane, lakini ndani ni kitambaa: gundi inashika nyuzi tu, na maji yakiingia kwenye ukingo wa mpasuko yanatambaa kwenye nyuzi hizo hadi upande wa pili. Ndani weka utepe wa kawaida tu, wa kukutanisha kingo za ile L zisipishane.

Kata kiraka kizidi mpasuko kwa sentimita 3 kila upande, na pembe uziviringe kwa sarafu. Pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Osha eneo kwa sabuni ya vyombo mara mbili, kwa sababu mafuta ya samaki hayaonekani, kisha suuza na ukaushe kabisa. Chora mzingo wa kiraka kwa penseli, halafu futa pande zote mbili kwa kitambaa cheupe chenye asetoni kidogo. Mng'ao ukififia na kidole kikihisi kunata kidogo, inatosha. Usiloweshe, utando wa plastiki utavimba.

Changanya hadina kwa kipimo cha kopo, si kwa jicho. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15, paka la pili. Gusa kwa kifundo cha kidole: kikinata bila kuacha uzi wa gundi, bandika. Anza katikati kwenda kingoni, kisha viringisha chupa ya soda juu yake kwa nguvu. Weka tofali juu ya ubao, saa 24. Kazini iende baada ya siku tatu.

Kwa watu wa pwani: usifanye alfajiri wala mvua ikinyesha. Dawa ya kuyeyushia iliyo ndani ya gundi ikiruka hewani inaipoza gundi, unyevu wa hewa unatua juu yake, na unaona ukungu mweupe. Ukibandika juu ya ukungu huo, kiraka kitabanduka kizimakizima. Saa saba mchana, kivulini, mbali na jiko la mkaa. Mvuke wa dawa hizi unashika moto.

Kreti_Tupu:
Shukrani. Msambani nishone kwanza?

Fundi_Turubai:
Hapo mshono wenyewe umeachia, kwa hiyo ndiyo, lakini kwa hatua ndefu, milimita 4 au 5, uzi wa poliesta, sindano mpya. Hatua fupi zinatoboa PVC kama ukingo wa stempu, na siku mtu akichuchumaa itachanika kwenye mstari huohuo. Juu ya mshono bandika kiraka cha duara, si utepe mrefu, kwani pale mishono minne inakutana na inavutwa kila upande. Na angalia saizi: msamba ukiachia mara mbili, ovaroli ni ndogo kwa mvaaji.

Mshono_Maji:
Kabla ya kununua gundi, bana plastiki karibu na mpasuko kwa vidole viwili na uikunje. Ikitoa mistari myeupe au vipasuko vidogo, mafuta yake yamekwisha. Kiraka kitashika ila utando utapasuka kandoni mwake. Hiyo ikate vipande vya aproni.

Kwa zile zitakazopona: baada ya siku tatu, shika eneo la kiraka kama bakuli, upande wa nje juu, mimina kikombe cha maji, ngoja dakika 10, kisha kandamiza karatasi ya chooni upande wa ndani. Ikilowa mahali, weka alama ya penseli hapohapo.