Mjadala: Je, mtoto wa mbwa achangiwe fedha za upasuaji kama tunavyochangiana sisi?

Mwanzisha mada, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, ninaleta mbele yenu jambo ambalo limetugawa mtaani kwa wiki mbili sasa, na ninalileta kwa sababu naona tunabishana pembeni ya swali lenyewe. Kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliokota mtoto wa mbwa karibu na soko la samaki akamlea nyuma ya nyumba ya mama yake. Ijumaa moja asubuhi mnyama huyo alimeza kichwa cha samaki kilichokuwa bado na ndoana ndani yake. Nilimwona mwenyewe akiwa amejikunyata kando ya pipa la maji, mate yakimchuruzika, na mshipi wa nailoni umetokeza pembeni mwa kinywa kiasi cha urefu wa kiganja. Mvuvi mmoja mtu mzima, ambaye ameshatoa ndoana katika midomo ya samaki wasio na idadi, aliinama ili auvute, na kijana akamshika mkono.

Daktari wa mifugo tuliyempata alituambia kwamba mkono ule ndio uliompa mbwa nafasi ya kuishi. Ndoana ikinasa tumboni na mshipi ukashuka hadi kwenye utumbo, utumbo huendelea kusukuma kama kawaida yake ilhali mshipi hausogei, hivyo hujikunja juu ya mshipi ule kama kiuno cha kaptura kinavyokunjamana unapovuta kamba yake, na hatimaye mshipi huukata kidogo kidogo mpaka unatoboka. Uchafu ukishamwagika tumboni, kazi ya kumwokoa inakuwa ngumu mno. Alisema mnyama apasuliwe siku ile ile, na akataja gharama: shilingi 260,000, zikiwemo dawa ya usingizi, nyuzi, dripu na dawa za siku za baadaye. Mama wa kijana hukaanga mihogo. Isitoshe, ulikuwa mwezi wa Mei, ambapo fedha za korosho huku kwetu zimeshakwisha na minada ya Oktoba iko mbali.

Kijana aliandika ombi lake kwenye kundi la mtaa, akaweka na picha, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja aliuliza kama mbwa naye amelipa ada ya uanachama. Mwingine alikumbusha kwamba mtaani yupo mtoto anayesubiri kupasuliwa ngiri na hajachangiwa hata senti. Mwingine akaandika neno “najisi” peke yake, bila maelezo.

Hoja ya “mbwa au mtoto” mimi naiona dhaifu, kwa kuwa walioitoa walijua habari za mtoto yule mwezi mzima na hawakusema lolote hadi mbwa alipotokea. Tena hatujawahi kuitumia dhidi ya kamati ya harusi inapotutoza fedha za keki na za mpiga picha. Shaka yangu iko kwingine. Kundi letu lilianzishwa kwa ajili ya misiba, maradhi na harusi, lina mweka hazina, na lina daftari ambalo kila jina limeandikwa na kiasi chake mbele yake. Kwetu mchango ni deni ambalo halina tarehe ya kulipwa: ulichoweka kwenye msiba wangu nitakirudisha kwenye wako, na nisipokirudisha daftari litanisema hata kama wewe utanyamaza. Sadaka ni jambo jingine kabisa, kwa maana mtoaji hamdai mtu, na asiyetoa haulizwi. Ombi la kijana lilikuwa la sadaka, lakini alilipeleka mahali ambapo kila ombi hugeuka mchango. Kwa maoni yangu alikuwa na haki kamili ya kuomba, ila si pale. Ninauliza kama ninyi mnaona hivyo, au kama ninatafuta njia ya heshima ya kukataa.

Mama mwenye genge, Chikongola

Mwalimu, umeandika vizuri kuhusu daftari, lakini umelipita jambo linaloniuma mimi. Mume wangu alipofanyiwa upasuaji mwaka juzi, kundi la mtaa wetu lilinichangia shilingi 47,000 kwa muda wa mwezi mmoja, na nilishukuru kwa dhati, kwa maana najua hali za watu. Sasa nasikia kwamba mbwa huyo wa kwenu alipata mara nne ya kiasi hicho kabla jua halijatua. Sina chuki na mnyama, na sisemi kwamba angeachwa afe. Nasema kwamba mbwa alikuwa na picha.

Mume wangu alilala siku kumi na moja akiwa na mpira wa mkojo, ubavu umefungwa bandeji, hawezi kugeuka bila kushikwa. Ningempiga picha katika hali ile nikaituma kwenye simu za watu mia mbili, nadhani ningepata fedha nyingi, lakini asingenisamehe, na watoto wangeikuta picha ya baba yao kwa jirani. Binadamu ana sitara yake, na sitara hiyo humfanya aombe kwa sauti ndogo. Mbwa hana cha kusitiriwa, unampiga picha akitokwa mate, macho yamelegea, na kila anayeiona moyo unalainika. Kwa hiyo msitupime huruma kwa kulinganisha kiasi kilichotolewa, kwa sababu waombaji hawa wawili hawakuwa na ulimi ulio sawa.

Ofisa mifugo mstaafu, Masasi

Nitazungumzia upande wa kazi niliyoifanya. Kwanza, mwenye mnyama hapewi hiari ya kumtazama akiteseka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea wajibu wa kumtunza, na kama hana uwezo wa kumtibu basi njia iliyobaki ni kumwomba mtaalamu amuue mnyama huyo bila maumivu. Watu wengi hulikwepa jambo hili kwa kumfukuza mnyama akafie vichakani, kisha wanajiona hawakuua. Kama kijana asingepata fedha hadi jioni, mimi ningemshauri hivyo, na nisingemwona mkatili.

Pili, dharura haisubiri kikao. Mtoto wa mbwa ana akiba ndogo sana mwilini, na akikaa bila kula huku akitapika, sukari na maji vinashuka upesi, hata dawa ya usingizi yenyewe inakuwa ya hatari zaidi. Kundi linalohitaji siku tatu kukubaliana haliwezi kuwa mahali pa kuombea upasuaji wa namna hii, awe mbwa au awe nani. Anayeomba na ataje kiasi alichoambiwa, amtaje aliyemwambia, na akiweza awaelekeze watu wamlipe daktari moja kwa moja, kwa sababu tumeshaona picha ya mnyama mmoja ikizunguka nchi nzima kwa majina ya wenye mbwa watatu tofauti.

Tatu, na hapa huenda nikawaudhi wapenda mbwa. Kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa uliohusisha wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, ukiratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Tulizunguka vijiji kwa pikipiki tukiwa na chanjo ndani ya maboksi ya barafu, na watoto walituletea mbwa wamefungwa kwa kamba za katani, wengine wamewabeba mgongoni. Lengo ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo, kwa sababu chini ya hapo ugonjwa hupata pa kupitia. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Ningependa kumwuliza kijana kwa upole kama mbwa wake amechanjwa. Akinijibu hapana, nitasema watu wa Shangani wamemchangia mnyama ambaye bado anaweza kuwadhuru, na sharti la kwanza la mchango lilipaswa kuwa chanjo.

Ustadhi wa madrasa, Mikindani

Aliyeandika “najisi” aliandika nusu ya somo. Sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafi twajua kwamba mate ya mbwa yakikugusa hali ya kuwa mbichi waosha mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya twahara, nayo yahusu nguo yako na chombo chako. Haikuja kuondoa huruma. Katika hadithi sahihi imepokewa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria, na Mtume akaulizwa kama kuna ujira kwa wanyama, akajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna ujira. Ambaye hataki kutoa asitoe, lakini asijifiche nyuma ya dini. Kuhusu kumfuga ndani ya nyumba kwa ajili ya pambo, hilo lina maneno yake, na si swali lililoulizwa.

Mkulima, Mtama, Lindi

Mimi nina mbwa wanne, na bila wao nguruwe pori wangekula muhogo wangu wote usiku mmoja. Wakiumia nawatibu kwa ninachokijua, na anayekufa namzika chini ya mkorosho. Sijawahi kufikiria kumwomba jirani fedha kwa ajili yao, wala jirani hajawahi kuniomba kwa ajili ya wake. Nadhani mbwa wa mjini amekuwa kitu kingine, na huenda fedha zake nazo ziwe kitu kingine.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote. Mama wa Chikongola amenifanya nisome upya nilichokiandika, kwa sababu nilikuwa nimewashutumu watu kwa kumkumbuka mtoto mwenye ngiri baada ya mbwa, wala sikujiuliza kwa nini mama wa mtoto huyo hakuandika lolote yeye mwenyewe. Nilikwenda kwake jana. Aliniambia kwamba ngiri ya mwanawe iko mahali ambapo hawezi kupataja mbele ya wanaume wa kundi zima. Tumekubaliana kwamba mke wangu na mweka hazina wapite nyumba kwa nyumba, bila picha na bila kutaja ugonjwa, na kwa kuwa mtoto huyo ni wetu, mchango huo utaandikwa kwenye daftari kama mwingine wowote.

Kuhusu mbwa, haya ndiyo yaliyotokea. Mweka hazina alikataa kufungua ukurasa kwa jina lake, na nilimuunga mkono. Watu wakatuma kwa hiari kwenye simu ya mama wa kijana, na hadi alasiri zilikuwa zimefika shilingi 214,000. Daktari alikubali kudai zilizosalia. Ndoana ilitoka pamoja na mshipi wenye urefu wa mkono mzima, na kijana ameiweka ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa. Mbwa amepona, ila kovu linamwasha na anavaa kola ya boksi la maziwa ili asilirambe. Ofisa, nimeuliza: hakuwa amechanjwa. Kijana amemwandikisha kwa daktari yule yule, atachanjwa kidonda kikikauka.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitarajia. Ujumbe ulishatoka nje ya mtaa wetu, ukaenda Lindi, ukaenda Dar es Salaam, na fedha zimeendelea kuingia baada ya deni la daktari kulipwa. Mpaka jana zilikuwa shilingi 61,500 za ziada. Kijana anataka kuzirudisha, lakini wengi walituma 1,000 au 2,000, na makato ya kuzirudisha yatakula sehemu yake. Wapo wanaosema zihamishiwe kwa mtoto mwenye ngiri. Mimi nasita, kwa sababu aliyetuma alitaja mbwa, na mama wa mtoto hajaulizwa kama anataka fedha za namna hiyo. Wapo wanaosema zinunuliwe chanjo za mbwa wengine wa mtaa. Kijana ameshaandika mara mbili kwamba watu wasitume tena, na leo asubuhi imeingia 2,000 kutoka kwa mtu wa Nachingwea tusiyemjua, ikifuatiwa na ujumbe usemao “ya uji wa mgonjwa.” Mweka hazina ameniuliza iandikwe wapi, nami bado sijampa jibu.